Troponini imepanda kwa mgonjwa wa kiharusi: ufanye nini, na uanzie wapi

Saa mbili baada ya mgonjwa kufikishwa, maabara inapiga simu: troponini, protini inayovuja damuni msuli wa moyo unapoumia, ni 68. Mgonjwa ana miaka 71, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno hayamtoki. Hakuna aliyemuuliza kama kifua kinamuuma, maana hata angeulizwa asingeweza kujibu. Daktari mmoja wa zamu anasema huu ni mshtuko wa moyo, aanze heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwenzake anasema kiharusi chochote hupandisha troponini, iacheni. Wote wawili wameteleza mahali pamoja, kwani wametoa hukumu kwa namba moja.

Mgonjwa huyu nimembuni, lakini anafanana na wengi, na nitamrudia kila hatua. Mwongozo ni kwa daktari, tabibu au muuguzi aliye karibu na kitanda katika siku ya kwanza ya kiharusi. Anayeuguza ndugu yake naye anaweza kuusoma ili aelewe kinachosemwa wodini, ila maamuzi ya dawa abaki nayo anayemtibu mgonjwa.

Hatua ya 1: Ubongo kwanza

Chota damu ya troponini wakati uleule unapoweka njia ya mshipa, ipeleke maabara, kisha endelea kana kwamba haipo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na kila dakika inayopita inaondoka na seli za ubongo. Kipimo cha damu ambacho lazima kijulikane kwa kila mgonjwa kabla ya alteplase, ndiyo dawa hiyo ya kuyeyusha damu, ni kimoja tu, sukari. (Anayetumia warfarini au mwenye dalili za kutokwa damu ovyo ana vipimo vyake vya kugandisha damu, hilo ni jambo jingine.) Troponini na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) vinashauriwa kwa kila mwenye kiharusi cha kuziba mshipa, lakini miongozo ya Marekani inasema wazi kwamba visicheleweshe alteplase. Nasisitiza kwa sababu kosa hili hufanywa na watu makini, wale wasiopenda kuanza kabla karatasi zote hazijarudi.

Lakini kuna hali moja ambayo lazima ikusimamishe hapohapo: kuchanika kwa ukuta wa aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Mpasuko ukipanda hadi mishipa ya shingo huleta kiharusi, ukigusa mdomo wa mishipa ya moyo hupandisha troponini, na ukimpa mgonjwa huyo dawa ya kuyeyusha damu unaweza kumuua. Troponini haitakusaidia kuutambua. Kitakachokusaidia ni mikono yako: shika mapigo ya pande zote mbili, pima presha mikono yote miwili, uliza wanaomjua kama alilalamika maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo. Ukitia shaka, picha ya CT ya mishipa iteremke mpaka kifuani.

Hatua ya 2: Sampuli iwe ya kuaminika

Andika saa damu ilipochotwa, wala si saa ilipofika maabara. Andika pia saa dalili zilipoanza, au saa ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima. Bila saa hizo, namba ya pili utakayoipata baadaye haitakuwa na cha kulinganishwa nacho.

Ulizia maabara wanapima troponini gani. Zipo mbili, T na I, na hazilinganishwi. Hata troponini I ya mashine moja hailingani na ya mashine nyingine. Kwa hiyo sampuli zote za mgonjwa mmoja zipite kwenye kipimo kilekile. Wodi nyingine zina kimashine kidogo cha kando ya kitanda, na kile si lazima kiwe nyeti kama cha maabara kuu. Damu ya kwanza ikipita kwenye kimashine na ya pili ikapelekwa maabara, hapo huna namba mbili. Una namba moja, mara mbili.

Vizio navyo vina mtego wake. Maabara nyingine huandika nanogramu kwa lita, nyingine nanogramu kwa mililita, na tofauti ni mara 1,000. Namba 68 kwa kizio cha kwanza ni 0.068 kwa cha pili. Anayesoma 0.068 kwa haraka huiona ndogo na kuipita.

Mambo mengine mawili ya sampuli hayakumbukwi. Chembe nyekundu zikipasuka kwenye kichupa kwa sababu damu ilivutwa kwa nguvu, kipimo cha troponini T huweza kushuka kwa uongo, na baadhi ya vipimo vya troponini I vikapanda. Seramu ikirudi na rangi ya pinki, chota upya. La pili ni biotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha. Vipimo kadhaa hutumia mshikamano wa biotini na streptavidini, hivyo anayeimeza kwa wingi anaweza kupata troponini ya chini isiyo ya kweli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 2017. Mtu asiyeweza kuongea hawezi kukuambia anameza nini, kwa hiyo swali hili huwaendea ndugu.

Pamoja na troponini agiza kreatinini, hemoglobini na potasiamu. Ukisikia mgonjwa alikutwa sakafuni na huenda alilala hapo usiku kucha, ongeza CK, kimeng'enya cha misuli, kwa kuwa misuli iliyokandamizwa huvunjika na kuumiza figo. CK-MB, ile inayohusishwa na moyo, iache. Misuli ya mwili nayo huitoa, na kwa mgonjwa aliyeanguka, kutapatapa au kupata degedege itakudanganya zaidi ya kukusaidia.

Hatua ya 3: ECG, kisha ndugu

ECG ya kwanza ichukuliwe ndani ya saa ileile ya sampuli ya kwanza, na uitafute ya zamani kama ipo. Kiharusi chenyewe huichafua: QT (muda wa umeme wa ventrikali, vyumba vya chini vya moyo) hurefuka, mawimbi ya T hupinduka na wakati mwingine huwa makubwa ya kushangaza, ST (mstari unaotangulia wimbi la T) hushuka. Mabadiliko hayo yaliyosambaa kila mahali hayathibitishi mshtuko wa moyo. Yaliyojikusanya kwenye njia zinazohusu mshipa mmoja wa moyo, hasa ST iliyoinuka, ni habari nyingine kabisa. Na kila ECG isome kwa swali moja la ziada: je, kuna mpapatiko wa atiria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka bila mpangilio? Jibu la ndiyo laweza kueleza kiharusi na troponini kwa pamoja.

Halafu kaa na ndugu. Kwa mgonjwa aliyepoteza kauli, historia yote iko kwao. Uliza siku kumi zilizopita na si leo tu: alihema akipanda ngazi, alitokwa jasho la baridi, alilalamikia tumbo la juu au taya? Figo zake zinafanya kazi? Aliwahi kulazwa kwa moyo? Sema nao kwa lugha yao: “Mama, kiharusi kimempata mzee kichwani, lakini damu inaonyesha moyo nao umeguswa. Bado hatujajua kama uliumia kabla au umeumizwa na hiki kiharusi. Saa tisa tutarudia kipimo, ndipo nitakuja kukueleza.” Ukishamwambia saa tisa, iwe saa tisa.

Hatua ya 4: Namba ya kwanza

Kila kipimo kina kikomo chake, yaani kiwango ambacho watu 99 kati ya 100 wenye afya wako chini yake. Kwa troponini T nyeti kikomo ni nanogramu 14 kwa lita. Kwa troponini I kinategemea mtengenezaji na jinsia. Kipimo nyeti cha Abbott, kwa mfano, huweka 16 kwa wanawake na 34 kwa wanaume.

Kwa vipimo nyeti vya siku hizi, kati ya asilimia 30 na 60 ya wagonjwa wa kiharusi cha kuziba mshipa huvuka kikomo. Kwa hiyo kuvuka tu hakukuambii mengi. Hata hivyo si jambo la kupuuza, kwani tafiti moja baada ya nyingine zinaonyesha kwamba wenye troponini ya juu hufa zaidi na hupona vibaya zaidi kuliko wenzao. Namba hiyo inakueleza kwamba mgonjwa huyu ana hatari zaidi. Chanzo cha hatari haikitaji.

Mgonjwa wetu ana 68 ya troponini T, karibu mara tano ya kikomo.

Hatua ya 5: Namba ya pili, ambayo ndiyo yenye kauli

Ukiweza kufanya jambo moja tu kati ya haya yote, rudia kipimo. Saa tatu baada ya cha kwanza inatosha. Wenye vipimo nyeti na utaratibu uliothibitishwa hurudia hata baada ya saa moja, lakini utaratibu huo ulitengenezwa kwa watu waliokuja na maumivu ya kifua, wanaojua dakika yalipoanza. Mgonjwa wa kiharusi hana dakika hiyo, ndiyo maana napendelea saa tatu, na nikiwa bado na mashaka narudia tena baada ya saa sita.

Damu ya kwanza ilichotwa 6:10 mchana. Ya pili ichotwe 9:10 alasiri. Sasa tuseme imerudi 71. Tofauti ni 3, yaani asilimia 4 hivi. Pale ambapo namba ya kwanza ilikuwa tayari juu ya kikomo, badiliko lisilozidi asilimia 20 linahesabiwa kuwa moyo ulioumia polepole na kwa muda mrefu: figo dhaifu, presha ya miaka, moyo uliopanuka, uzee. Mgonjwa huyo hana mshtuko wa moyo wa leo. Heparini ya nini?

Tuseme badala yake imerudi 190. Hapo kuna kitu kinaendelea sasa hivi, na hatua inayofuata ni kukitafuta.

Asilimia 20 hiyo isitumike kwa namba ndogo. Kutoka 12 hadi 15 ni asilimia 25, lakini ni nanogramu tatu tu, na mashine pamoja na mwili wenyewe huweza kuyumba kiasi hicho. Karibu na kikomo tazama ukubwa wa tofauti yenyewe. Isipofikia hata nusu ya kikomo, usiipe uzito mkubwa.

Kushuka nako ni badiliko, na hapa watu wengi huponyokwa. Baada ya mshtuko wa moyo troponini T huweza kubaki juu hadi wiki mbili. Mgonjwa aliyepata mshtuko wa kimyakimya siku tano zilizopita, damu ikaganda ndani ya ventrikali ya kushoto, kipande kikang'oka na kupanda ubongoni, atakuja na troponini inayoteremka: 400, kisha 310. Anayesubiri kuona kupanda atasema hali inatulia. Kumbe ameshikilia mkononi chanzo cha kiharusi na hakijui. Tafuta mawimbi ya Q, alama ya mshtuko uliopita, kwenye ECG, na eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) isingoje wiki ijayo.

Hatua ya 6: Nani ameumiza moyo?

Namba zikisogea, anza na yale yanayotibika kando ya kitanda. Mpapatiko wa atiria unaokwenda kasi ya 150, presha iliyoanguka, hemoglobini ya 6, oksijeni ya chini kwa sababu mgonjwa amepaliwa na mate, presha ya 230 inayousukuma moyo ukutani: kila moja laweza kuunyima msuli wa moyo oksijeni bila mshipa wowote kuziba. Rekebisha hilo na troponini itafuata yenyewe.

Kisha ubongo. Insula, kipande cha gamba la ubongo kilichojificha ndani ya mkunjo wa pembeni, kinashiriki kuuongoza moyo. Ikijeruhiwa, adrenalini na noradrenalini humwagika, na seli za moyo hujikaza hadi kufa. Wakati mwingine ncha ya moyo hulegea yote na kuvimba kama puto huku mishipa yake ikiwa wazi. Wajapani walioieleza hali hiyo mwaka 1990 waliiita takotsubo, chungu cha kutegea pweza, kwa sababu ya umbo la ventrikali kwenye picha. Wavuvi wa pweza hawatahitaji kuonyeshwa mchoro. Eko ndiyo inayoitambua, na huwapata zaidi wanawake waliopita umri wa hedhi.

Mwisho kuna mshtuko wa moyo wenyewe, mshipa uliozibwa na damu iliyoganda juu ya utando uliopasuka. Je, ni mara ngapi? Utafiti wa TRELAS wa hospitali ya Charité mjini Berlin, uliochapishwa mwaka 2016, uliwapiga picha za mishipa ya moyo wagonjwa 29 wa kiharusi wenye troponini T zaidi ya 50, wakalinganishwa na watu wa umri na jinsia sawa waliokuja kwa mshtuko wa moyo usio na ST iliyoinuka. Kidonda kilichoonekana kuwa ndicho chanzo kilipatikana kwa takriban robo ya wenye kiharusi, dhidi ya karibu asilimia 80 ya wenzao. Karibu nusu ya wenye kiharusi hawakuwa na ugonjwa wowote wa mishipa ya moyo unaoonekana. Wagonjwa 29 ni wachache, nakubali. Lakini robo si sifuri, na hilo ndilo linalowajibu wale madaktari wawili wa zamu kwa mpigo.

Kinachokusogeza upande wa mshipa ulioziba ni kupanda kwa kasi na kwa wingi, ST iliyojikusanya mahali pamoja, maumivu ya kifua, na eko inayoonyesha ukuta mmoja tu usiosogea, ule unaolishwa na mshipa mmoja.

Hatua ya 7: Kuamua

Picha ya CT ya kichwa ndiyo inayotangulia dawa yoyote ya moyo. Kukiwa na damu iliyovuja, hakuna aspirini, hakuna heparini, hata troponini iwe 2,000. Ongea na wa moyo na wa ubongo pamoja, ikiwezekana kwenye simu moja, maana ukiongea nao mmoja mmoja utapata maagizo mawili yanayopingana.

Kiharusi kikiwa cha kuziba, aspirini mgonjwa angeipata hata hivyo, kwa hiyo mjadala halisi ni kuhusu dawa ya pili na heparini. Amepewa alteplase? Basi kwa kawaida dawa zote za kuzuia kuganda husubiri saa 24 na picha nyingine ya CT. Eneo la ubongo lililokufa ni kubwa? Heparini hapo inaweza kugeuza kiharusi kikavu kuwa cha damu.

Kiharusi na mshtuko wa moyo vikija pamoja, miongozo ya Marekani inakubali alteplase kwa dozi ya ubongo, miligramu 0.9 kwa kila kilo, jumla isizidi miligramu 90, kisha kuzibua mshipa wa moyo kwa katheta kama inahitajika. Dozi ya moyo ni kubwa zaidi, na ndiyo inayokaa kichwani mwa wengi wanaohudumia wagonjwa wa moyo. Isemwe kwa sauti kabla sindano haijavutwa.

Wengine wote, ambao ndio wengi, hawahitaji kukimbizwa chumba cha katheta. Wanahitaji moyo wao kufuatiliwa kwenye skrini kwa saa 24 angalau, na mimi ningependa siku tatu kwa mwenye troponini inayopanda, kwa kuwa matatizo makubwa ya moyo baada ya kiharusi hujikusanya siku hizo za mwanzo. Wanahitaji eko. Usiongeze dawa zinazorefusha QT, haloperidoli ikiwemo, kwa mgonjwa ambaye QT yake tayari imerefuka. Angalia potasiamu, na maji ya mshipa yaende kwa kipimo.

Kwa wagonjwa wa damu iliyovuja kuzunguka ubongo baada ya uvimbe wa mshipa kupasuka, kumbuka haya: troponini hupanda kwa takriban theluthi yao, na mapafu huweza kujaa maji ndani ya saa chache. Yeyote kati yao mwenye troponini ya juu apate eko mapema.

Hatua ya 8: BNP, ikiwa una sababu

BNP na NT-proBNP hutoka kwenye msuli wa moyo uliovutwa. Zote mbili ni vipande vya protini moja, ila BNP hupungua nusu kwa dakika 20 hivi, wakati NT-proBNP huchukua saa moja hadi mbili. Mgonjwa anayetumia sakubitrili, dawa ya moyo ulioshindwa kazi, asipimwe BNP, kwa kuwa dawa hiyo inazuia kuvunjwa kwake; mpime NT-proBNP.

Iagize mgonjwa anapohema vibaya na hujui kama ni moyo au kupaliwa. NT-proBNP chini ya 300 inauondoa moyo kwenye orodha kwa uhakika mzuri. Kuuthibitisha, viwango hupanda na umri: 450 chini ya miaka 50, 900 kati ya 50 na 75, 1,800 baada ya hapo, vyote kwa pikogramu kwa mililita. Wanene huwa na namba za chini, wenye figo dhaifu za juu, na mpapatiko wa atiria hupandisha bila moyo kushindwa kazi.

Hilo la atiria ndilo limefanya wengi waitazame NT-proBNP kama kidole kinachoonyesha chanzo cha kiharusi. Ikiwa juu na chanzo hakijulikani, ni sababu nzuri ya kuufuatilia mdundo kwa muda mrefu zaidi. Si sababu ya kumwanzishia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa kukisia. Jaribio la ARCADIA lililochapishwa mwaka 2024 liliwachukua watu 1,015 wenye kiharusi kisichojulikana chanzo na dalili za atiria mgonjwa, NT-proBNP zaidi ya 250 ikiwa mojawapo, na kulinganisha apiksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, na aspirini. Kiharusi kilijirudia sawasawa pande zote mbili, asilimia 4.4 kwa mwaka.

Hatua ya 9: Karatasi ya kuondokea

Kwenye muhtasari wa kumruhusu mgonjwa usiandike “troponini ilikuwa juu”. Andika: troponini T nyeti 68 saa 6:10, 71 saa 9:10, kreatinini kiasi gani, ECG ilionyesha nini, eko ilisemaje. Mgonjwa huyu akirudi baada ya miezi minane na kifua kinachouma, 68 ndiyo kawaida yake, na daktari atakayempokea usiku huo hatakuwa na njia nyingine ya kulijua hilo.

Mwenye takotsubo arudie eko baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa moyo wake kwa kawaida hurudi kwenye umbo. Aliyepanda na kushuka bila chanzo kupatikana apewe tarehe ya kliniki ya moyo, iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, na mke au mwanawe asomewe kabla hawajatoka wodini.